Paa la Bati Lenye Kizuizi cha Joto: Namna ya Kuchagua Skrubu na Vyombo vya Kazi

Mkulima wa Kinangop au wa Ol Kalou analijua jambo hili. Usiku kucha mvua haikunyesha, lakini asubuhi akifungua ghala anakuta magunia ya juu yamelowa na matone yananing'inia chini ya bati. Wengine hudhani kwamba paa limetoboka, nao hupanda juu kutafuta tundu ambalo halipo. Hilo ni jasho la bati. Usiku bati hupoa upesi kuliko hewa iliyo ndani ya nyumba, na mvuke utokao katika nafaka, katika pumzi ya ng'ombe, au katika maji ya moto ya kuoshea makopo ya maziwa, hugusa bati hilo baridi na kugeuka kuwa maji. Mchana mambo huwa kinyume. Jua la saa saba likipiga bati tupu, ghala la mbegu za viazi huwa kama tanuri, na kuku huachama midomo wakitafuta hewa.

Maji hayo yasidharauliwe. Mahindi yaliyokaushwa mpaka unyevu wa asilimia 13.5 hukaa salama, lakini yakidondokewa usiku baada ya usiku huota ukungu, na ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui, na wengi walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao.

Kwa sababu hiyo wakulima wengi katika mashamba yaliyogawanywa tangu mwaka 1962 wanaanza kubadili mapaa ya ghala, ya chumba cha maziwa na ya nyumba ya kuku, na kuweka paneli zenye kizuizi cha joto. Paneli hiyo ni mabati mawili yaliyoshikana na povu gumu, au pamba ya mawe, katikati yake. Unene wa povu huwa milimita 40, 50, 75 au zaidi, na upana unaofunika paa kwa kawaida ni mita 1. Bati la chini halipoi upesi, basi halitokwi na jasho kama lile la bati tupu.

Mkulima akienda dukani huuliza bei ya paneli, huchagua rangi, na huuliza geji ya bati. Hayo ni maswali mazuri. (Ukumbuke kwamba namba ya geji ikiwa ndogo bati huwa nene, geji 28 ni nene kuliko geji 30.) Lakini mara nyingi skrubu huachiwa fundi azinunue jioni kwa chenji iliyobaki, na hapo ndipo fedha yote iliyotangulia hupotea. Paneli nzuri iliyofungwa kwa skrubu fupi haina faida kuliko bati la zamani, na katika siku ya upepo ni hatari zaidi, maana kila kipande chake ni kikubwa na kizito.

Tufanye hesabu kidogo. Tuchukue ghala dogo ambalo paa lake lina mteremko mmoja, urefu wa mita 6 na upana wa mita 4.8. Eneo lake ni mita za mraba 28.8. Paneli ya milimita 50 ina uzito wa karibu kilo 10 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paa zima ni karibu kilo 290. Upepo wa kilomita 90 kwa saa una nguvu ya karibu kilo 39 kwa kila mita ya mraba, na unapopita juu ya paa hulivuta kwenda juu kwa nguvu inayoweza kukaribia hiyo. Kwenye kingo na pembe huzidi. Kwa ghala letu hiyo ni zaidi ya tani 1 inayovuta juu, na uzito wa paa ni kilo 290 tu. Tofauti yake hubebwa na skrubu. Hakuna kitu kingine.

Urefu wa skrubu

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu watu hupima povu tu. Paneli ya paa ina migongo na mabonde kama bati la kawaida, na skrubu hupigwa juu ya mgongo, mahali ambapo maji hayapiti. Kwa hiyo ukinunua paneli ya milimita 50 yenye mgongo wa kimo cha milimita 35, skrubu itasafiri milimita 85 kabla ya kugusa mbao. Ikisha kugusa mbao ni lazima iingie ndani yake milimita 40 au zaidi. Jumla ni 125, na ukiongeza unene wa washa ya mpira na wa kitandiko chake, omba skrubu ya milimita 130. Ukikosa hiyo, chukua ya 140, usichukue ya 115 kwa kuwa muuzaji amesema ni karibu sawa. Lakini kwanza tazama mbao zako za kulaza, yaani zile ambazo paa hukaa juu yake. Mbao ya 3 kwa 2 iliyosimamishwa ina kina cha milimita 75, nayo hupokea skrubu ya 140 bila taabu. Mbao hiyo hiyo ikilazwa kifudifudi ina kina cha milimita 50 tu, na ncha ya skrubu ya 140 itatokeza chini, mahali utakapopita na gunia kichwani.

Kama nyumba yako ina vyuma vya kulaza badala ya mbao, hesabu ni nyingine. Skrubu ya chuma huwa na ncha kama ya keekee, nayo hujitobolea tundu lake yenyewe. Ni lazima ncha hiyo iwe ndefu kuliko unene wa chuma. Ikiwa fupi, uzi wa skrubu utaanza kushika kabla tundu halijapenya, na skrubu itakatika shingo au itakula uzi wake. Kwa chuma chembamba cha milimita 2, skrubu ya 110 inatosha kwa paneli ile tuliyoitaja. Skrubu ya mbao ina uzi mpana na ncha kali. Ya chuma ina uzi wa karibu karibu. Usikubali kuuziwa moja mahali pa nyingine. Ukiingiza ya chuma katika mbao ya saipresi itaingia vizuri sana, na itang'oka vizuri vile vile.

Skrubu bora za paneli zina uzi wa pili, mfupi, chini kidogo ya kichwa. Kazi yake ni kulishika bati la juu lisididimie. Povu ni laini kidogo, na mtu akitembea juu ya paa bati hushuka na kurudi. Skrubu isiyo na uzi wa pili hubaki imeinua kichwa, na washa huachana na bati. Muulize muuzaji kama anazo.

Washa na kitandiko

Washa ni kisahani cha chuma chenye mpira uliogandishwa chini yake. Mpira huo ndio unaozuia maji, na ndio wa kwanza kuchoka. Katika nyanda za juu jua ni kali hata siku ya baridi, na plastiki ya bei rahisi hupasuka baada ya misimu michache. Taka mpira mweusi wa aina ya EPDM, ambao umetengenezwa kuvumilia jua. Namna ya kuujaribu dukani ni hii: ukunje kwa ukucha. Mpira mzuri hurudi mahali pake mara moja na haubanduki katika kisahani chake. Upana wa washa uwe milimita 16 au zaidi. Kwenye kingo za paa kubwa zaidi ni bora.

Kitandiko ni kipande cha bati kilichokunjwa kwa umbo la mgongo wa paneli, kikavikwa juu yake kama tandiko la punda, nayo skrubu hupita katikati. Hugawanya nguvu ya upepo isikusanyike mahali pamoja na kupasua bati. Mafundi wengine hukiacha kwa kuwa ni gharama ya ziada. Kama nyumba yako iko kwenye ukingo wa mlima au kwenye uwanda usio na miti, kinunue.

Rangi ya skrubu haina maana kubwa, lakini ngozi yake ina maana. Skrubu inayong'aa sana kama fedha mara nyingi imepakwa zinki nyembamba tu, ya kutumia ndani ya nyumba. Iliyochovywa katika zinki ya moto ni ya kijivu, haing'ai, na ukiipapasa ina mikwaruzo kidogo. Juu ya nyumba ya kuku na zizi la ng'ombe hewa ina amonia, nayo hula chuma upesi, basi hapo usijaribu kupunguza gharama. Vile vile mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa yenye shaba, zile zenye rangi ya kijani, zikiwa mbichi hula zinki. Ziache zikauke kabisa kabla ya kuezeka.

Neno moja kuhusu nyumba za zamani. Katika baadhi ya mashamba bado kuna majengo yaliyoachwa na walowezi, na misumari ya mapaa yale ilikuwa na vichwa au washa za risasi. Risasi ni sumu. Usiikusanye ukaitumie tena juu ya paa ambalo maji yake huingia katika tangi la kunywa. Na kama paa la zamani ni la vigae vya kijivu vya asibesto, usivivunje wala kuvikata, maana vumbi lake huharibu mapafu. Uliza kwanza ofisi ya NEMA katika kaunti yako.

Ni skrubu ngapi?

Turudi kwa ghala letu la mita 6 kwa 4.8. Litachukua paneli 6, kila moja na migongo 4 kwa mita. Tukilaza mbao kila baada ya mita 1.2 tutakuwa na mistari 5 ya mbao. (Kabla ya kuamua nafasi hiyo tazama jedwali la kiwanda kilichotengeneza paneli, usikisie.) Kwenye mstari wa chini kabisa na wa juu kabisa funga kila mgongo, yaani skrubu 4 kwa kila paneli. Kwenye mistari 3 ya katikati, skrubu 3 zinatosha. Hizo ni 17. Lakini paneli ya kwanza na ya mwisho ziko pembeni, ambako upepo huanza kuinua, basi hizo zipewe skrubu 4 kila mstari, yaani 20 kila moja. Paneli 4 za katikati ni skrubu 68, na 2 za pembeni ni 40; jumla 108. Nunua 120, maana nyingine zitaanguka katika nyasi.

Mahali paneli zinapopandana kuna skrubu nyingine fupi za kushonea bati kwa bati. Ukizipiga kila baada ya sentimita 40, kila maungio yatachukua karibu 12, na ghala letu lina maungio 5, kwa hiyo ni 60. Ndani ya maungio hayo weka utepe wa butili, ambao ni mweusi au wa kijivu na hunata kama ulimbo, ndipo upandishe paneli ya pili. Gundi ya silikoni iliyopakwa juu baada ya kazi kwisha ni ya kupendeza macho tu.

Anza kuezeka kutoka upande ambao upepo unaelekea, urudi kuelekea unakotoka, ili mdomo wa kila maungio uupe upepo kisogo. Kama hujui upepo hutoka wapi, tazama miti iliyo peke yake imeinamia wapi.

Vyombo vya kazi

Chombo cha kwanza ni drili ya kufungia skrubu, ya betri au ya umeme. Iwe na mahali pa kurekebisha nguvu, na mwendo usiozidi mizunguko 2,000 kwa dakika. Ikienda kasi mno huunguza ncha ya skrubu kabla haijatoboa chuma. Siku hizi mafundi wengi wanapenda ile mashine inayogonga huku ikizungusha, kwa sababu ni nyepesi na ina nguvu. Kwa boliti za mkokoteni ni nzuri. Kwa paa la paneli haifai: haijui kusimama, nayo hubonyeza washa mpaka mpira unatoka nje na bati kuingia bonde. Maji hutuama katika bonde hilo, na ndipo panapovuja.

Skrubu iliyokazwa vizuri unaitambua kwa macho. Mpira umechungulia kidogo tu pande zote za kisahani. Kama hauonekani, kaza zaidi. Kama umetokeza kama ulimi, umezidisha. Ilegeze kidogo, na kama mpira umepasuka ibadilishe. Isimame wima pia, kwa maana washa iliyoinama hufunika upande mmoja tu. Soketi ya kushikia kichwa iwe na sumaku na iwe ya kipimo kamili. Vichwa vingi ni vya milimita 8, lakini pima zako. Soketi iliyolegea huviringa kichwa na kukwangua rangi, na kutu huanzia hapo.

Cha pili ni cha kukatia, na hapa nakuomba usikilize hata kama fundi wako anacheka. Usiruhusu grinda ikate paneli. Cheche zake ni chembe za chuma cha moto. Huunguza zinki na rangi kando ya mkato, hushikamana na bati lililo karibu na kufanya madoa ya kutu, na zikiangukia povu zinaweza kuliwasha. Povu jeupe la polistirini huyeyuka na kuwaka upesi sana. Tumia msumeno wa mviringo wenye bamba la kukatia chuma bila moto, au msumeno mdogo wa umeme wenye meno madogo. Kwa bati moja moja, mkasi wa bati unatosha. Baada ya kukata na kutoboa, fagia chembe zote kwa ufagio laini jioni ile ile. Umande wa usiku mmoja unatosha kuzigeuza kutu, na kutu hiyo utaiona juu ya paa jipya asubuhi.

Vingine ni vya kawaida: kamba ya kupimia mstari, futi, chaki, ngazi mbili, ubao wa kukanyagia, glavu, na miwani ya kukinga macho. Paneli yetu ya urefu wa mita 4.8 ina kilo karibu 48, na ni pana kama tanga la mashua. Ipandishwe na watu wanne, asubuhi kabla upepo haujaanza, na isiachwe juu hata dakika kumi bila skrubu. Paneli zilizobaki chini zifungwe kwa kamba. Ngozi ya plastiki inayofunika rangi ibanduliwe kwanza mahali skrubu zitakapopita na mahali pa maungio. Iliyobaki iondolewe siku ile ile, kwani jua huichoma ikashikamana.

Mwisho wa paneli, kwenye mchirizi, povu hubaki wazi. Panya hulipenda, na ndege hulidonoa watengeneze kiota. Lifunike kwa bati la kukunja, na chini ya kofia ya paa uweke vizibo vya povu vyenye umbo la migongo.

Kama fedha ya paneli haipo

Unaweza kuanza na bati la kawaida na kuweka chini yake kizuizi cha pamba ya kioo au karatasi ya fedha yenye mapovu. Pamba ikibanwa kati ya bati na mbao hupoteza nguvu yake, kwa hiyo pigilia juu yake kibao cha milimita 25 kikiwa sambamba na mbao ya kulaza, kisha bati juu ya kibao hicho. Kibao chenyewe kifungwe mpaka ndani ya mbao kwa misumari ya inchi 4, maana skrubu ya bati haitafika chini. Watu husahau hili, na upepo huchukua bati pamoja na vibao vyake.

Na hata skrubu ikishika vizuri, mbao nayo ni lazima ishikwe. Kabla ya kulaza paneli ya kwanza, tembea chini ya kenchi na utazame kila mahali mbao ya kulaza inapokutana na kenchi, na kila mahali kenchi inapokaa juu ya ukuta. Kama kuna msumari mmoja tu uliopigwa upande, zungushia ukanda wa chuma upande huu na huu na kuupigilia misumari mitatu kila mwisho. Kwenye ukuta wa mawe ukanda huo ushuke mistari miwili au mitatu ya mawe ndani ya ukuta. Hiyo ni kazi ya siku moja, na ifanyike sasa wakati paa liko wazi, kwa sababu paneli zikishalazwa itakuwa vigumu kufika huko juu.